Je, Wajua? Seva Moja, Kazi Kumi: Maajabu ya Mashine Pepe na Makontena

Ukipita Kagondo, iwe ile kata ya Manispaa ya Bukoba au ile ya Wilaya ya Muleba, utaona migomba, kahawa na minara ya simu. Seva huzioni. Hata hivyo, kila anayetuma fedha kwa simu, anayeandikishwa hospitalini au anayetafuta matokeo ya mtihani wa mwanawe anahudumiwa na seva mahali fulani. Na siku hizi seva hiyo mara nyingi si chuma unachoweza kukigusa. Ni mashine pepe au kontena, yaani kompyuta iliyotengenezwa kwa programu, inayoishi ndani ya kompyuta nyingine. Tumewakusanyia mambo ya kushangaza kuhusu teknolojia hii, na karibu kila moja lina ushauri kwa wale wanaozilea seva hizo usiku na mchana.

Rika la Azimio la Arusha

Mashine pepe zilianza kazi mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha! Huko Cambridge, Marekani, wataalamu wa IBM waliunda mfumo ulioitwa CP-40, ukaigawa kompyuta moja ikawa kama kompyuta 14, na kila mtumiaji akajiona ana yake peke yake. Ni hesabu ya kibanja cha Mhaya: shamba ni moja, lakini migomba, kahawa na maharage vinastawi humo pamoja, kila kimoja kwenye nafasi yake. Mwaka 1972 IBM ikawatolea wateja mrithi wa mfumo huo, kwa jina la VM/370. Anayedhani haya ni mambo ya juzi ajue yana umri wa babu.

Kompyuta iliwahi kuwa bidhaa haramu

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Kompyuta ya kwanza ilikuwa imefungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, ikaleta hasara na masikitiko kuliko manufaa. Leo upepo umegeuka kabisa: Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 imeunda Mamlaka ya Serikali Mtandao, ambayo kazi yake ni kuhakikisha taasisi za umma zinatumia TEHAMA, na zinaitumia kwa viwango.

Wingu la Amazon lilipikwa Afrika

Huduma ya kukodisha seva ya Amazon, EC2, ambayo imebadilisha biashara ya kompyuta duniani, ilitengenezwa Cape Town, Afrika Kusini. Mhandisi Chris Pinkham alitaka kurudi nyumbani, kampuni ikamruhusu afungue ofisi hukohuko, na yeye na Willem van Biljon na timu yao wakaiunda kwa kutumia Xen, programu ya mashine pepe iliyotoka Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Ilipozinduliwa Agosti 2006, saa moja ya seva ilikodishwa kwa senti 10 za Marekani. Wingu ambalo wengi hudhani ni la Wamarekani watupu lina jasho la Waafrika ndani yake.

Daftari la zahanati huishia kwenye kontena

Kila mwezi zahanati, vituo vya afya na hospitali za Tanzania, za Kagondo zikiwemo, hujumlisha takwimu kutoka kwenye vitabu vya MTUHA: wagonjwa wa nje, akina mama waliojifungua, watoto waliochanjwa, waliokutwa na malaria. Takwimu hizo huingizwa kwenye DHIS2, mfumo unaoongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na ambao wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki kuukuza. Mizizi yake nayo iko Cape Town, ambako ilianza miaka ya 1990, mara baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka.

Sasa sikia uhondo. Mojawapo ya vifurushi vya zana ambavyo watu wa DHIS2 wamewatengenezea wasimamizi wa seva huugawa mfumo katika makontena ya LXD. Hifadhidata ya PostgreSQL inakaa kwenye kontena lake, programu yenyewe, inayoendeshwa na Tomcat, kwenye jingine, lango la kupokea watumiaji kwenye la tatu, na ufuatiliaji wa afya ya seva kwenye la nne. Faida yake huonekana siku ya matengenezo: fundi anaboresha programu bila kuigusa hifadhidata, na kosa la upande mmoja haliambukizi mwingine. Ushauri wake ni mfupi: kontena moja, kazi moja.

Windows 52 ndani ya GB 16

Watu wa Red Hat waliwahi kuendesha mashine pepe 52 za Windows XP, kila moja ikiamini ina RAM ya GB 1, kwenye seva yenye GB 16 tu! Siri ni KSM, sehemu ya kerneli ya Linux iliyoingizwa mwaka 2009, inayopekua kumbukumbu na kutafuta kurasa zinazofanana. Ikizikuta, inahifadhi nakala moja tu na kuwagawia wote. Kwa ofisi yenye seva moja ya zamani, hiyo ni sawa na kuongezewa RAM bila kununua. Itumie pale ambapo mashine zote ni zako. Ukiwapangisha watu wasioaminiana, izime, maana wajanja wanaweza kuitumia kuchungulia ya jirani.

Hotuba ya dakika tano iliyobadilisha kazi

Docker, zana ya kutengeneza na kuendesha makontena, ilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza Machi 2013, katika mkutano wa watumiaji wa lugha ya Python huko Marekani, kwenye hotuba ya Solomon Hykes isiyozidi dakika tano. Wazo la ndani, la kuifungia programu isione zaidi ya eneo lake, lilikuwepo kwenye Unix tangu mwaka 1979, kupitia amri iitwayo chroot. Kilichobadilika ni urahisi: mwandishi wa programu anaifungasha pamoja na kila inachohitaji, na kifurushi kilekile kinafanya kazi kwenye kompyuta yake, kwenye seva ya Dar es Salaam na kwenye ile ya wilayani.

Mashine inahama bila kuacha kazi

Tangu mwaka 2003, kampuni ya VMware ilipoleta vMotion, mashine pepe inaweza kuhamishwa kutoka seva moja hadi nyingine huku ikiendelea kuhudumia watu. Kumbukumbu yake inanakiliwa kidogokidogo kupitia mtandao, na mwishoni inasimama kwa muda mfupi mno kiasi kwamba mtumiaji hashtuki. Leo uwezo huo unapatikana bila malipo kwenye Proxmox na mifumo mingine ya chanzo huria. Kwa hiyo kama una seva mbili, huna sababu ya kusubiri usiku wa manane ili ufungue moja na kuipangusa vumbi.

Ununuzi ulioshinda bajeti ya nchi

Novemba 2023 kampuni ya Broadcom iliinunua VMware kwa takriban dola bilioni 69. Hizo ni zaidi ya mara tatu ya bajeti nzima ya Serikali ya Tanzania ya mwaka 2023/24, iliyokuwa Sh trilioni 44.4. Mwezi uliofuata leseni za kununua mara moja na kumiliki daima zikasitishwa, wateja wakaambiwa walipe kwa vipindi, kwa idadi ya viini vya prosesa. Kisha Oktoba 2025 msaada wa kawaida kwa vSphere 7, toleo la mfumo wa mashine pepe wa VMware, ukakoma. Ndiyo maana jina la Proxmox, programu ya chanzo huria iliyozaliwa Vienna, Austria, mwaka 2008, linatajwa sana siku hizi. Tangu mwaka 2024 ina zana ya kuvuta mashine moja kwa moja kutoka ESXi, programu ya VMware inayozibeba mashine pepe. Kabla ya kuhama, jaribu kwanza na mashine isiyo na watumiaji wengi.

Saa 72, basi

VMware wenyewe wanashauri kwamba snapshoti, ile picha ya hali ya mashine unayoipiga kabla ya kufanya mabadiliko, isikae zaidi ya saa 72. Wengi huipiga, wakaisahau, na baada ya miezi wakakuta diski imejaa. Sababu ni kwamba snapshoti si nakala kamili: diski ya awali inagandishwa, na kila badiliko linaandikwa kwenye faili la pembeni linalozidi kunenepa. Diski ya awali ikiharibika, snapshoti nayo imekwisha. Ifute mara tu unapohakikisha mabadiliko yamekubali, na usiiite bakapu hata siku moja.

Kanuni ya bakapu ilitoka kwa mpiga picha

Kanuni ya 3-2-1 inayohubiriwa na wasimamizi wa seva duniani kote ilienezwa na mpiga picha Mmarekani, Peter Krogh. Weka nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2, na 1 kati yake ikae mbali. Watu wa Kagera hawahitaji kuelezwa sana umuhimu wa hiyo ya mwisho. Tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na dakika 27 alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliitikisa Bukoba, likaua watu na kuangusha nyumba, shule na ofisi. Nakala iliyo kwenye kabati la chumba kilekile cha seva ingefukiwa pamoja na seva. Ipeleke mji mwingine, hata ng'ambo ya ziwa, Mwanza.

Seva nne hazina nguvu kuliko tatu

Klasta, yaani kundi la seva zinazofanya kazi pamoja, ikiwa na seva 3 inahimili kufa kwa 1. Ukiongeza ya 4, bado inahimili kufa kwa 1 tu! Klasta hupiga kura kabla ya kuamua, na uamuzi unataka zaidi ya nusu: katika 3 zinahitajika kura 2, katika 4 zinahitajika 3. Ndiyo maana hifadhi ya etcd, ambamo Kubernetes, mfumo wa kusimamia makontena kwenye seva nyingi, hutunza siri na kumbukumbu zake zote, huwekwa kwenye seva 3 au 5. Wenye seva 2 za Proxmox wasikate tamaa: kura ya tatu inaweza kupigwa na kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, kupitia programu iitwayo QDevice.

Soma cheti cha kifo: 137

Kontena likifa ghafla na kuacha namba 137, mara nyingi limeuawa kwa kula RAM kupita kiasi. Namba hiyo ni jumla: 128, inayomaanisha programu imekatishwa kwa ishara, na 9, ishara ya kuua isiyokatalika. Kubernetes huandika kando yake OOMKilled, na hapo mjadala unaisha. Walioathirika sana ni watumiaji wa Java, maana matoleo ya zamani yalikuwa yakitazama RAM ya seva nzima badala ya ile ya kontena; hilo lilirekebishwa katika toleo la 8u191, mwaka 2018. Hata leo, Java usiyoielekeza hujichukulia robo tu ya RAM iliyopewa kontena kwa ajili ya data zake. Ukiipa GB 4, nyingi zinakaa bure. Iambie waziwazi itumie kiasi gani.

Logi zinazokula diski kimyakimya

Docker ikifungwa kama ilivyotoka kiwandani, haina kikomo cha ukubwa wa logi, yaani kumbukumbu za matukio. Kontena lenye maneno mengi linaweza kuandika mpaka diski ijae, na diski ikijaa hifadhidata ya jirani nayo inasimama. Tiba ni mistari michache kwenye faili la daemon.json: max-size iwe 10m, max-file iwe 3, na kila kontena litabaki na logi zisizozidi MB 30. Angalizo moja: mpangilio huo unayahusu makontena yatakayoundwa baada ya hapo tu. Yale ya zamani lazima uyaunde upya.

Siri za Kubernetes haziko gizani

Nywila unayoiweka kwenye Kubernetes kama siri haijafichwa kwa usimbaji wowote, labda wewe mwenyewe uuwashe. Huandikwa tu kwa mtindo wa base64, ambao mwanafunzi yeyote mwenye kompyuta anaufumbua kwa amri moja. Anayeweza kusoma etcd, au bakapu yake, anasoma kila nywila uliyonayo. Washa usimbaji wa etcd, punguza wanaoruhusiwa kuziona siri, na bakapu hiyo ifunge kama unavyofunga hati ya kiwanja.

Pakua mara moja, mtumie wote

Tangu mwisho wa mwaka 2020, Docker Hub, ghala la mtandaoni la imeji (vifurushi vinavyozaa makontena), huwaruhusu wasioingia kwa akaunti kupakua imeji 100 tu kwa kila saa 6 kwa anwani moja ya intaneti. Kwa nchi zetu jambo hilo ni zito, kwa sababu mtoa huduma anaweza kuwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na kikomo kikala na wasiohusika. Weka ghala dogo la imeji ndani ya ofisi: imeji inashuka mara moja, seva zote zinachukua hapo. Chagua pia imeji nyembamba. Ile ya Alpine haifiki hata MB 10, yaani uzito wa picha mbili tatu za simu janja.

Shilingi ya Nairobi ilipitia Ujerumani

Hadi mwaka 2015, Mkenya akimtumia jirani yake fedha kwa M-Pesa, hesabu hiyo ilipigwa kwenye seva zilizokuwa Ujerumani, kisha ikarudi. Umbali huo haukuonekana mpaka mawasiliano yalipoyumba. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika, na intaneti ya Tanzania na majirani zake ikadorora vibaya. Huduma zilizokuwa kwenye seva za ndani ya nchi zilikuwa na nafuu. Somo kwa msimamizi: kile ambacho wilaya haiwezi kufanya kazi bila hicho, kiwe na nakala inayoendeshwa karibu, hata kama ni kwenye K3s, Kubernetes nyepesi inayofaa seva ndogo.

Umeme wa Kagera ulivuka mpaka

Kwa miaka mingi umeme wa sehemu kubwa ya Mkoa wa Kagera ulitoka Uganda, kwa njia inayotoka Masaka hadi Kyaka, kwa kuwa mkoa haukuwa umeunganishwa na gridi ya Taifa. Mtambo wa maporomoko ya Rusumo sasa una uwezo wa kuzalisha megawati 80, zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Hata hivyo seva hukatiwa umeme popote duniani, na hifadhidata iliyozimika ghafla inaweza kuharibika. Unganisha UPS na seva kwa programu ya NUT, ambayo ni bure. Betri ikikaribia kuisha, seva inazima programu kwanza, kisha hifadhidata, kisha yenyewe, hata kama fundi yuko shambani.

Kufuli lilikuwepo miaka miwili

Februari 2023 virusi vya kudai kikombozi vilivyoitwa ESXiArgs viliteka seva zaidi ya 3,800 za VMware ESXi duniani. La kusikitisha ni kwamba udhaifu ambao mamlaka za usalama ziliuona kuwa ndio mlango wao ulikuwa na kiraka tangu Februari 2021. Miaka miwili kamili! Ukivamiwa kwenye haipavaiza, yaani programu inayozibeba mashine pepe zote, umepoteza zote kwa pigo moja. Weka viraka kila mwezi, na ukurasa wa usimamizi usionekane kamwe kwenye intaneti ya wazi.

Miezi 14 ya kuishi

Kila toleo la Kubernetes linahudumiwa kwa takriban miezi 14 tu, na matoleo mapya hutoka mara tatu kwa mwaka. Ukizembea, kuruka hakuruhusiwi: unapanda toleo moja hadi jingine, ngazi kwa ngazi. Wanaotumia Ingress NGINX, lango la kupokea watumiaji kwenye Kubernetes, wana jambo la haraka zaidi, kwani Novemba 2025 wasimamizi wake walitangaza kuwa matengenezo yanakoma Machi 2026, na baada ya hapo hakuna kiraka kitakachotoka. Njia inayopendekezwa sasa ni Gateway API.

Neno kwako, msomaji

Ukiyatazama haya yote pamoja utaona kwamba mengi hayadai fedha. Mistari miwili ya logi, UPS iliyounganishwa vizuri, kiraka cha mwezi na nakala iliyopelekwa mji mwingine vinaweza kuilinda seva ya hospitali ya wilaya sawasawa na seva ya benki. Kama wewe ndiye mwenye funguo za chumba cha seva, fanya jambo moja wiki hii: chukua bakapu yako ya karibuni, irejeshe kwenye mashine pepe mpya, uone kama inawaka. Bakapu ambayo haijawahi kurejeshwa bado ni matumaini tu, na wagonjwa, wanafunzi na wakulima wanaokutegemea wanastahili uhakika.